Ukivuka Songwe na viatu vya mpira, beba na karatasi

KIJANA wa Kyela mwenye kipaji akitafuta timu ya ligi kubwa iliyo karibu na kwao, hesabu inamletea jibu la ajabu. Kupanda Mbeya hadi Uwanja wa Sokoine, kupitia Tukuyu na kona zake zote, ni zaidi ya kilomita 100. Akigeukia upande wa pili, akashuka Kasumulu na kuvuka daraja la Mto Songwe, mpaka anafika Karonga mjini hajamaliza kilomita 70 tangu atoke nyumbani. Na Karonga kuna timu. Karonga United imecheza Super League, ambayo ndiyo ligi ya juu kabisa ya Malawi.

Yaani timu kubwa ya jirani kwa mtoto wa Kyela iko nje ya nchi.

Na hiyo nje ya nchi yenyewe haifanani na nje ya nchi. Ukimsalimia mzee wa Karonga "ugonile" anakuitikia, maana Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni ndugu wa lugha na wa damu. Mstari uliowatenganisha ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa mwaka 1890, na hakuna Mnyakyusa wala Mngonde aliyekuwa mezani siku hiyo. Mpaka leo watu wanavuka kwenda msibani, kwenda sokoni, kwenda kuoa. Mchele unavuka, mahindi yanavuka, kwacha na shilingi zinabadilishwa mkononi. Kwa hiyo kijana naye akisikia kuna majaribio ya wachezaji Karonga, anatia viatu kwenye mfuko wa rambo na kuondoka kama anakwenda Ipinda.

Hapo ndipo ishu inapoanzia. Kwa shangazi yake wa Karonga yeye ni mtoto wa nyumbani. Kwa Uhamiaji wa Malawi ni mgeni, na kwa FIFA ni uhamisho wa kimataifa, sawa kabisa na mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Ubelgiji.

Kuna watu wanaona haya mambo ya ugeni kwenye mpira ni urasimu tu wa watu wa ofisini. Hao tuwapeleke kidogo Amerika ya Kati. Miaka ya 1960 karibu Wasalvador 300,000 walikuwa wakiishi Honduras. Walikuwa majirani waliovuka mpaka kutafuta ardhi ya kulima, wakajenga, wakazaa, lugha yao moja na wenyeji. Honduras ikaleta sheria ya kugawa upya ardhi iliyowapendelea waliozaliwa Honduras, na wale wageni wakaanza kufukuzwa kwenye mashamba. Katikati ya joto hilo, Juni 1969, ratiba ikazikutanisha nchi hizo mbili kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Honduras ilishinda 1-0 kwao Tegucigalpa, El Salvador ikarudisha kwa 3-0 kwao San Salvador, ikabidi wapelekwe Mexico City kwa mechi ya tatu. El Salvador ikashinda 3-2 dakika za nyongeza. Julai 14 jeshi la El Salvador likaingia Honduras. Mapigano yalichukua kama siku nne na watu walikufa kwa maelfu.

Dunia iliita vita ya mpira, jina ambalo kwa maoni yangu linauonea mpira. Vita ile ilikuwa ya wageni na ardhi, mechi zilikuwa kiberiti tu. El Salvador wenyewe walikwenda Kombe la Dunia la 1970 Mexico, wakapoteza mechi zote tatu bila kufunga hata bao moja. Na kesi ya mpaka wao ilikuja kuamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1992, ambako moja ya hoja ilikuwa kwamba Mto Goascorán umehama njia yake.

Mtu wa Kyela akisikia habari ya mto kuhama njia anatabasamu. Songwe nao unahama. Masika yakikolea, mto unakata kona mpya, na mtu aliyelala na shamba lake Tanzania anaamka sehemu yake iko ng'ambo. Ndiyo maana serikali hizi mbili zina mradi wa pamoja wa bonde la Songwe, na moja ya kazi zake ni kuutuliza mto usiendelee kuhamisha mpaka. Ziwani napo kuna mvutano wake wa miaka mingi, Malawi ikisema maji yote ni yake mpaka ufukweni kwetu, Tanzania ikisema mpaka uko katikati. Mwaka 2012 maneno yalipanda hadi watu wakaogopa.

Sisi hatujafika kwenye ya Honduras, na kwenye mpira tumekuwa majirani wazuri. Taifa Stars iliitoa Malawi Oktoba 2015 kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, 2-0 Dar na kufungwa 1-0 kwao, watu wakapeana mikono. Simba iliitoa Nyasa Big Bullets mwaka 2022 kwenye Ligi ya Mabingwa, 2-0 Lilongwe na 2-0 Dar, na hakuna aliyefukuzwa shambani. Lakini upepo wa mpakani hubadilika ghafla. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo ya Malawi kuingia nchini, ikaja kuondoa zuio baada ya siku chache tu. Siku hizo chache zilitosha kumkumbusha kila anayeishi kwa kuvuka Kasumulu kwamba asiye na karatasi ndiye wa kwanza kuumia.

Sasa turudi kwa kijana wetu na mfuko wake wa rambo. Tumpe miaka 16, straika, anaishi kwao Kyela mjini.

Kanuni ya FIFA kuhusu watoto ni ngumu: hakuna uhamisho wa kimataifa kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Si kanuni ya kuchekewa. Barcelona ilifungiwa kusajili kwa madirisha mawili kwa sababu ya kuvunja kanuni hiyo, Chelsea nao wakaja kuonja adhabu mwaka 2019. Kama Barcelona haikupona, timu ya Karonga au ya Kyela haiwezi kusema haikujua.

Ila kanuni hiyo hiyo ina mlango wa nyuma, tena umewekwa kwa ajili ya watu wanaoishi kama watu wa Kyela. Mtoto anaweza kusajiliwa nchi jirani kama nyumbani kwao hapazidi kilomita 50 kutoka mpakani, klabu nayo haizidi kilomita 50 kutoka mpakani kwa upande wake, na kati ya nyumbani na makao ya klabu hapazidi kilomita 100. Masharti mengine mawili: aendelee kulala kwao, na vyama vyote viwili vya soka, TFF na kile cha Malawi, viseme ndiyo kwa maandishi.

Chukua ramani upime. Kyela mjini hadi Kasumulu haifiki kilomita 20. Daraja la Songwe hadi Karonga mjini ni pungufu ya 50. Anaingia! Kinda wa Ileje anayeitazama Chitipa United naye anaweza kupiga hesabu hiyo. Wa Matema kwa barabara inaanza kubana. Anayeitwa Mzuzu, Lilongwe au Blantyre asahau mpaka afikishe miaka 18, labda wazazi wake wahamie huko kwa sababu zao zisizohusu mpira, na hapo FIFA itataka uthibitisho kweli kweli. Hadithi ya baba kupatiwa kazi ya ulinzi na klabu inayomtaka mwanawe walishaisikia sana.

Nashangaa jambo hili halizungumzwi kwenye vikao vya soka vya wilaya za mpakani. Tunao makinda wanaocheza mabonanza pande zote mbili, leo jezi hii kesho ile, na tumezoea kuwaita mamluki na kucheka. Lakini mtoto akisajiliwa rasmi ng'ambo kwa jina la binamu yake au kwa umri wa kubuni, jina hilo linaingia kwenye mfumo. Siku akija kutakiwa na timu ya kweli, kuna watu wawili kwenye kompyuta na miguu miwili tu uwanjani.

Aliyefikisha miaka 18 ana njia nyepesi zaidi, ingawa si fupi. Cha kwanza ni pasi ya kusafiria. Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, iko nasi SADC, kwa hiyo mazoea ya kwenda Nairobi usiyapeleke Karonga. Kugongewa muhuri wa kutembea ni jambo moja na kulipwa mshahara ni jingine, maana ukisaini mkataba unahitaji kibali cha ajira cha muda cha Malawi, na mwenye wajibu wa kukishughulikia ni klabu inayokuajiri. Usikubali kuambiwa "cheza kwanza, kibali kitakuja". Halafu kuna ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa, ambayo inatakiwa kwa kila mchezaji kuanzia miaka 10, hata wa ridhaa. Bila hiyo hujasajiliwa, hata kama jezi yako ina jina mgongoni.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Ligi yetu inaanza Agosti na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata. Ya Malawi huanza kama Aprili na kwisha mwishoni mwa mwaka. Ukimaliza msimu huku Mei au Juni, kule wapo njiani tayari. Ukikosa dirisha lao la katikati ya msimu unakaa benchi la nyumbani, si la timu.

Na upande wa huku mambo ni yale yale. Mmalawi anayekuja kucheza Mbeya au Dar anatakiwa awe na kibali cha kazi na cha ukaazi, tena ahesabiwe kwenye nafasi za wageni, ambazo mwaka 2021 ziliongezwa kutoka 10 hadi 12 kwa klabu. Peter Banda na Duncan Nyoni walipita njia hiyo kwenda Simba mwaka huohuo. Kocha Kinnah Phiri, gwiji wa soka la Malawi aliyeipeleka nchi yake AFCON 2010, alikuja kuinoa Mbeya City mwaka 2016. Tulimpokea kama mzee wetu, na ni sawa, lakini hakuja na mfuko wa rambo.

Aliyeonyesha kwamba karatasi zikikaa sawa umbali si kitu ni Julietha Singano. Beki huyu alitoka Simba Queens akaenda FC Juárez, ligi ya wanawake ya Mexico. Enekia Lunyamila naye akaja kutua Mazatlán, nchi hiyo hiyo. Ukiitazama ramani, huko ni juu kidogo tu ya hao Wasalvador na Wahonduras. Na Juárez yenyewe ni mji wa mpakani, umekaa kando ya mto, ng'ambo ni Marekani. Singano amekwenda kuishi kwenye Kasumulu ya wenzetu, kwa lugha asiyozaliwa nayo, na mshahara wake hauna kujificha.

Kwa klabu ndogo za Kyela kuna sababu moja zaidi ya kupenda karatasi, nayo ni pesa. FIFA imeweka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Tuseme huyu straika wetu siku moja anauzwa Dola 200,000. Asilimia 5 ni Dola 10,000. Kila msimu aliolelewa akiwa na miaka 12 hadi 15 unachukua Dola 500, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 unachukua 1,000. Timu iliyokaa naye kuanzia miaka 14 hadi 17 inavuna Dola 3,000. Kwa timu inayochanga nauli ya kwenda Tukuyu, hizo ni jezi, mipira na mabao ya milango kwa miaka kadhaa. Sharti ni kwamba alikuwa amesajiliwa kwenu, kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Mlimlea kwa mdomo tu, hampati hata senti.

Ukiniuliza mimi, chama cha soka wilaya kingeanzia hapo, kwenye daftari la makinda, kabla ya kuitisha bonanza jingine. Cheti cha kuzaliwa, picha, timu, msimu. Halafu wakae na wenzao wa Karonga waandikiane kuhusu ule mlango wa kilomita 50, maana mtoto mmoja akipita vizuri, wa pili hatauliziwa sana.

Watakapokaa, wasisahau saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Mazoezi yakiisha saa 11 jioni Karonga, Kyela ni saa 12 tayari, na kijana wa miaka 16 kanuni inamtaka alale kwao usiku huo. Lazima ijulikane mapema nani anamlipia gari hadi Songwe, na nani anamsubiri upande wa huku giza likiingia.