Wino, Karatasi na Ukili

Kila baada ya Alasiri, bibi yangu alitandika jamvi uani kwetu Lamu, akavuta fungu la miyaa iliyonyunyizwa maji, akaanza kusuka ukili. Nilikuwa na miaka 8. Kazi yangu ilikuwa kumpa mwaa mmoja mmoja. Ukinikatikia mkononi kwa ukavu, hakunigombeza. "Rowesha kwanza," alisema. "Mkavu haukunjiki."

Vidole vikienda, na mdomo ulikwenda. Alighani Utendi wa Mwana Kupona kwa moyo, ubeti juu ya ubeti, nami nikidhani ni wimbo wa kusukia tu, kama mabaharia walivyo na nyimbo zao za kutweka tanga. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba jioni zote zile nilikuwa nikilishwa wasia wa mama mwingine kwa binti mwingine.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mumewe alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwenyewe akiwa ameugua mwaka mzima, alimwita bintiye, Mwana Hashima, msichana wa miaka 17 hivi, asogee karibu na wino na karatasi. Hakungoja apone. Alimtungia beti zipatazo 100, na haikupita miaka mingi naye akafariki.

Alianza na dini: faradhi zisiachwe, sunna zisipuuzwe. Kisha akashuka kwenye adabu, ulimi, ukweli na watu wa kukaa nao. Akazungumza kwa kirefu juu ya mke na mume, akamalizia kwa kuinua mikono kumwomba Mungu.

Na alijua kufunga mzigo usimwagike njiani. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8; vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinarudia kina kilekile tangu mwanzo wa utendi hadi mwisho. Anayesahau neno hurudishwa na kina. Ndiyo maana bibi yangu, ambaye hakuwa na kitabu, hakupotea. Waliojua kuandika waliunakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu.

Chuoni nako tulisomeshwa Sura ya Luqman, ya 31 katika Qur'ani, ambamo baba anamuusia mwanawe. Maalimu alitusimamisha kwenye neno moja: Luqman hamwiti mtoto kwa ukali. Humwita kwa tamko la kumdogosha kwa mapenzi, kama mtu anayemwita kitoto chake aje kupakatwa. Ndipo humweleza kwamba kitu kidogo mno, hata kikifichwa mwambani, Mungu anakijua. Humwambia habari ya sala na subira, kisha mwendo wake njiani na kipimo cha sauti yake. Ibada na tabia za barabarani zimo katika mazungumzo mamoja.

Mimi wanangu niliwakunja wakavu. Nasaha zangu zilitoka siku ya ripoti mbaya ya shule, au usiku waliporudi wamechelewa. Nilitaja Mungu huku nimekunja uso. Walisikia hasira tu, na mengine yote yalipita.

Kwa wajukuu nimerudi kwenye njia ya bibi. Mjukuu wangu wa miaka 13 anapokuja likizo kutoka Mombasa, tunakaa na sinia la mchele kati yetu, tukichambua. Simwambii, "Leo nitakufundisha." Naghani ninachokikumbuka, naye akitaka huuliza.

Siku moja aliuliza. "Bibi, mbona mambo ya kumtumikia mume ni mengi hivi? Na mume naye aliandikiwa na nani?"

Nilichambua mchele kwa muda. Nikamjibu kwamba Mwana Kupona alimwandikia binti wa nyumba ya mtawala, katika Siyu ya zama zake, akihofia kumwacha bila mama. Nikamwambia pia kwamba swali hilo mimi nililiwaza nikiwa na umri kama wake, nikaogopa kulitamka.

Mwaka huu macho yangu yamefifia. Nimenunua daftari la shule, na likizo hii mjukuu ndiye aliyekaa na kalamu huku mimi nikisema: deni lilipwe kabla ya kununua nguo ya Idi, jirani mgonjwa aonwe kabla hajasikika amekufa, sala isingoje uzee. Yeye huandika, husahihisha Kiswahili changu, hucheka.

Nilipofika kwenye maneno ya kumsubiri mume mwenye hasira mpaka atulie, aliandika kama nilivyosema. Kisha pembeni akachora alama ya kuuliza, akanisogezea daftari nione kama aifute.

Nimemwambia aiache.