Maua: Huko Itokako Miraa Wanaikumbuka Bahari

Mtu wa pwani ukimtajia Maua, hafikirii waridi wala asumini. Hufikiri miraa. Maua kwetu ni vibunda vilivyozongwa kwa majani ya mgomba, vinavyoteremshwa garini mbio mbio kana kwamba ni barafu itakayoyeyuka. Wapo watu katika miji yetu wanaoijua saa ya kufika gari la miraa kuliko waijuavyo saa ya treni. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kwenda kuuona mji wenyewe?

Mimi nilikwenda Agosti mwaka wa 2024. Chuo ninakosomea historia, huko Nairobi, kilitupa wiki mbili za kujisomea kabla ya mitihani. Wenzangu wakarudi makwao. Mimi nikatia mkobani vitabu viwili, koti na mswala, nikampigia mama simu Mombasa kumuaga. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, wenzio huenda kusoma Makka na Misri, wewe wenda kusoma Maua?" Na kabla hajakata simu: "Usinirudie na shavu limefura."

Sababu iliyonipeleka ni kelele za mwezi wa Mei mwaka ule. Tarehe 23 Mei Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata. Siku chache baadaye Rais William Ruto akatangaza kuwa amri hizo hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya "hao watu wa huko juu", lakini katika wote niliowasikiliza sikumpata hata mmoja aliyewahi kuketi nao akanywa nao chai.

Basi nikaingia matatu pale Tea Room, Nairobi, peke yangu, tukashika njia ya Embu. Ukishaipita Thika unafika Mwea, kwenye mashamba ya ule mpunga ambao nyumbani kwetu hupikwa siku ya biriani. Kutoka Embu hadi Meru barabara haijui kwenda sawa. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena, kwani mito yote hiyo yateremka kutoka Mlima Kenya kwenda kuingia mto Tana. Tulipofika daraja la Nithi gari zima lilinyamaza. Hapo ndipo tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilipotumbukia bondeni, wakafa zaidi ya watu 30. Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliinamisha kichwa, nami nikasoma Fatiha, na hakuna aliyesema neno mpaka tulipokwisha kuupanda mlima wa ng'ambo.

Baada ya Nkubu unavuka ikweta. Mtu wa pwani hudhani ikweta ni jua na jasho. La hasha! Nilifunga koti mpaka kidevuni. Mjini Meru nikabadilisha gari, tukapita Nchiru, makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, kisha Kianjai, kisha Kangeta. Jina hilo la mwisho wauzaji wetu hulitaja kama aina ya miraa. Kumbe ni kituo chenye soko na shule, na watoto wanaokimbia nyuma ya magari kama watoto wa mahali popote.

Tena yafaa ujue, msomaji, kwamba Wameru si kundi moja kama tunavyowaona sisi kwa mbali. Wako Waimenti pale mjini Meru, wako Watigania katikati, na wako Waigembe, ambao Maua ndio mji wao. Kila mmoja atakwambia wapi lahaja ya jirani yake inapochekesha.

Maua yenyewe imekaa ubavuni mwa vilima vya Nyambene, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye mapaa ya maduka. Ina hospitali kubwa ya Wamethodisti iliyojengwa tangu enzi za wakoloni, ina mabenki, ina matope mengi mvua ikinyesha, na ina msikiti. Nilipoisikia adhana ya magharibi nilihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugeni. Wengi niliosali nao walikuwa Wasomali wa biashara, pamoja na Wameru kadhaa waliosilimu. Baada ya sala mmoja wao alinishika mkono, akanipeleka kunywa chai ya tangawizi, na kabla ya kikombe cha pili nilikuwa nimekwisha kupata pa kulala na mtu wa kunitembeza.

Kazi ya miraa huanza na mapema. Vijana hupanda mitini wakachuma vile vichipukizi vyororo vya juu. Wanawake, nikaambiwa, kwa desturi hawaupandi mti huo, ingawa sokoni wako. Chini, wanaume huketi kivulini wakichambua, wakipanga na kufunga: vijiti hufungwa kuwa vifungu vidogo, vifungu hufanywa kibunda, vibunda navyo huzongwa kwa majani ya mgomba ili unyevu usitoke. Kisha magari huondoka kwa mbio ambazo sitaki kuzisifu. Haraka hiyo ina sababu yake. Ile nguvu ya miraa, ambayo wanasayansi huiita kathinoni, hupotea jani linaponyauka, na baada ya siku mbili tatu mlaji hununua kuni tu.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye jina lake nalihifadhi. Shamba lake lina miti minene yenye vifundo, shina lake limejikunja kama mkono wa mkongwe. Hiyo huitwa mbaine, kwa jina la rika la wazee walioipanda, na umri wake wapita miaka 100. Chini yake amepanda maharage na viazi. Akaniambia kuwa mtu akitaka kuposa, humpelekea baba wa msichana kibunda maalumu cha heshima kiitwacho ncoolo, na kikipokelewa maneno yameanza. "Nyinyi mwaila tu," akasema. "Sisi huzungumza nayo."

Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, na kwamba kwa mama yangu asili yetu ni Lamu. Mzee akaweka kikombe chini. "Basi wewe watoka kwetu," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Hapo zamani, akanihadithia, Wameru walikaa mahali palipoitwa Mbwaa, kisiwa baharini, ambako maji huenda zake yakaiacha nchi wazi kisha yakarudi. Fikiri jambo hilo kidogo, msomaji. Huyu ni mtu aliyezaliwa mlimani, mbali na bahari, na hadithi ya babu zake ina maji kujaa na maji kupwa ndani yake.

Huko Mbwaa waliwekwa utumwani na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao walitaka kuwaangamiza, wakawa wanawatolea mitihani isiyowezekana. Waliwaambia walete ndara yenye manyoya juu na chini. Wazee wakakata ile ngozi ininginiayo shingoni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Wakaambiwa walitoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu; wakamimina maji shimoni mpaka tunda likaelea likaja lenyewe. Wakaambiwa walete mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za paa. Mwisho wakaambiwa wafue mkuki utakaogusa mbingu. Hapo akili ikafika ukingoni. Usiku ule wakatoroka, na kiongozi wao, Koomenjue, akayapiga maji kwa fimbo, yakaacha njia. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Na waliovuka jua limekwisha kutoka wakawa Njeru, weupe. Mpaka leo Mmeru anajua babu zake walivuka saa ngapi.

Nikamwambia kwamba sisi tunaisoma katika Qur'ani habari ya Nabii Musa, fimbo yake na Firauni. Mzee akacheka. "Na mimi ni Mkristo, naijua. Wazungu walipoisikia habari yetu walisema tumeiokota katika Biblia yao. Lakini huyo Firauni aliwataka nani ndara yenye manyoya pande mbili?"

Nikauliza hao Nguo Nyekundu walikuwa kina nani. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa nimetoka msikitini na kanzu yangu. Akaitazama kwa utulivu mkubwa. "Yako ni nyeupe," akasema. "Kaa, unywe chai."

Juu ya jambo hilo wataalamu wametofautiana. Mwanahistoria wa Kimarekani, Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa Kimeru kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliipeleka Mbwaa hadi kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu, na akakadiria kuwa safari hiyo ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 18. Wengine wanajibu kwamba lugha ya Kimeru yashuhudia udugu wa kale mno na majirani wa Mlima Kenya, kwa hiyo pengine ni kikundi tu kilichotoka pwani, kikawapa wote hadithi yake. Wako wasemao kwamba Nguo Nyekundu ni Waarabu, na wako wasemao ni Wareno. Magofu ya Takwa yako pale pale Manda, mji wa Waislamu wenye msikiti na ukuta, ulioachwa na watu wake kwenye karne ya 17 au karibu na hapo. Mimi siungi kipande na kipande. Ila najua kwamba katika darasa nililosoma mimi, na katika baraza nililokulia, ustaarabu daima hutoka pwani ukapanda bara kama zawadi. Hapa nilikuwa nimeketi na watu ambao kwao pwani ni mahali pa kukimbiwa usiku, na ambao wameihifadhi habari hiyo hata katika majina ya koo zao. Sikulala vizuri.

Kesho yake nilimuuliza juu ya lile la muguka. Alikasirika, lakini si kama nilivyotazamia. "Muguka ni wa Embu, kwa Wambeere," akasema. "Ni majani ya kichaka, ya bei rahisi. Yetu ni vijiti vya mti. Msitutie chungu kimoja." Hoja hiyo nilikuja kuisikia Maua nzima, na ni kweli: ile amri ya Mombasa iliutaja muguka. Lakini hofu yao ni kwamba mlango ukifungwa kwa jirani hukawii kufungwa kwao. Uholanzi iliipiga marufuku miraa mwaka wa 2013, Uingereza tarehe 24 Juni 2014, na Somalia ikaacha kuipokea tangu Machi 2020 mpaka Julai 2022. Wenyeji wanazihesabu tarehe hizo kama sisi tunavyohesabu miaka ya njaa.

Wala mzee hakunificha la kwake. Mjukuu wake mmoja ameacha shule katikati, kwa kuwa mchumaji hulipwa jioni ile ile, na kalamu hailipi hata mwisho wa mwezi. "Nanyi mnalia kwamba twawaharibia vijana," akasema. "Hapa je, unadhani hawaharibiki?"

Kwa upande wetu, wanachuoni hawakungoja magavana. Ibn Hajar al-Haytami, bahari ya elimu katika madhehebu yetu ya Shafi, aliandika Makka katika karne ya 16 risala nzima ya kutahadharisha watu na jani hili, na maneno ya mimbarini hayajakatika tangu hapo. Mimi ni katika wanaoona heri kuliacha. Kijana anayekesha akitafuna, akashinda amelala, akauza simu ya dada yake, yuko katika kila mtaa wetu, na muguka umezidisha idadi yake kwa sababu ya urahisi wake. Hata hivyo habari ya "wanatuua" ni nusu ya habari. Gari huja likiwa limejaa kwa sababu kuna mkono unaolingojea na fedha, na mkono huo ni wetu. Nimesikia hotuba nyingi juu ya mpandaji wa Nyambene, na chache sana juu ya baba wa Kiislamu mwenye kibanda cha miraa hatua tano kutoka msikitini.

Nilikaa Maua siku sita. Vitabu vile viwili sikuvifungua sana. Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa mzee kumuaga, akanipa mfuko wa viazi vya kumpelekea mama. Kisha akatoa swali ambalo, nadhani, alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Alitaka kujua kama katika kisiwa hicho cha Manda yako maji ambayo mtu angeweza kuyavuka.

Nikamweleza habari ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, wenye mikoko huku na huku. Mashua ya Lamu iendayo Faza hungoja maji yajae ndipo ipite, kwani yakipwa sana hukwama. Nimekwisha kukwama humo mwenyewe, utotoni, tukakaa juani tukila mikate ya mofa mpaka maji yaliporudi.

"Kwa hiyo yapo maji yanayoondoka," akasema.

"Yapo, mzee. Kila siku mara mbili."

Akageuka akamwita yule mjukuu, aliyekuwa juu ya mti akichuma, ateremke aje asikie.