Kiko cha Bwana Msa na bahasha ya Simenon

Mafundi wa taharuki: sehemu ya pili

Wiki iliyopita nilieleza taharuki ni nini: hali ya msomaji kujua kwamba jambo linakuja, asijue litaingilia mlango gani. Siku mbili baadaye nilikuwa barabarani hapa Kalengera nikisubiri gari la Goma. Kijana mmoja wa sekondari akanisogelea, gazeti amelikunja kwapani. "Jambo mwalimu. Niko na ulizo. Mtu wa kuandika mambo ya kuua kila siku, yeye mwenyewe analalaka namna gani?"

Nilicheka, naye akacheka. Gari likaja, likaondoka limejaa, nami nikabaki na ulizo lake. Watu husoma riwaya ya upelelezi wakidhani mwandishi wake ni mtu wa giza, labda ana kisu chini ya mto. Ukifuata maisha ya mafundi wenyewe unakuta jambo la kuchosha kidogo: watu wa saa na ratiba, waliofanya kazi ya mshahara kwanza, na kazi hiyo ikawafundisha kuingia katika nyumba za watu. Nitachukua wawili. Mmoja ni Mbelgiji aliyepita Kongo hii yetu mwaka 1932. Mwingine ni Mzanzibari, na bila yeye Kiswahili kingechelewa sana kupata mpelelezi wake. Hawakujuana, ila wapelelezi wao wote wawili huvuta kiko.

Mohamed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni, akakaa huko kama miaka kumi. Wanaomtaja huipita kazi hiyo kwa sentensi moja, kisha wanakimbilia vitabu. Mimi nasimama hapo. Mkaguzi wa afya anafanya nini? Anabisha hodi. Anauliza maji mnateka wapi, takataka mnatupa wapi, nani analala chumba kile. Mwenye nyumba anamjibu kwa adabu huku anamficha jambo, naye anajua kuwa anafichwa. Anakwenda kutazama nyuma ya nyumba. Mfanye mtu afanye hivyo miaka kumi, kisha mpe kalamu.

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi akaingia katika uandishi wa habari. Alihariri gazeti la Zanzibari, akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akapewa Mkulima, jarida la kilimo, akalishika mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo huyu tunayemwita baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili alikula mkate wake kwa muda mrefu akihariri jarida la wakulima. Hapa kwetu, ambako kila familia ina shamba la maharage au mibuni michache, habari hiyo haiwezi kumshangaza mtu. Mkulima naye ni mtu wa taharuki: amepanda, na hajui mvua itasema nini.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tajiri mmoja anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri zao kwa wahenga. Kijiji kizima kina jibu tayari, kwamba ni mambo ya mzimu. Hapo anaingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi.

Wengi wamesema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Ni kweli kwa sura: kiko, rafiki wa kumsindikiza, ufafanuzi mrefu mwishoni. Lakini Holmes ni mara chache alipewa kesi ambayo watu wameshaifunga kwa jina la mzimu. Ustadi wa Abdulla uko hapo. Bwana Msa hasimami kuwatukana watu kwa imani yao, wala hahubiri. Anauliza tu: marehemu alikuwa na mali gani, na sasa iko kwa nani? Nimekaa katika vikao vingi vya matanga katika eneo la Rutshuru, nimesikia kifo kikitupiwa jirani, mama mkwe, mpaka bundi aliyelia juu ya bati. Ulizo la Bwana Msa sijalisikia mara nyingi.

Nakala yangu ya kwanza ya kitabu hicho niliinunua sokoni, haina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kwenda kufungia karanga. Miaka mitatu nilikaa sijui muuaji ni nani. Nilimshuku kila mtu kitabuni, hata Najum. Sikupata tena taharuki kama ile, na fundi wake alikuwa muuza karanga.

Tazameni sasa tarehe za vitabu vyake, maana ndizo zinazotuonyesha mazoea ya mtu. Kitabu cha kwanza 1960. Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, 1968, mwaka uleule wa kustaafu. Halafu mfululizo: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vinne kwa miaka minne, mwandishi akiwa mtu wa makamo anayekaribia miaka sitini. Kosa la Bwana Msa kikaja 1984, naye akafariki 1991. Kwa kusoma kwangu, pensheni ndiyo iliyofungua kalamu. Mhariri anayesahihisha habari za mbolea mchana kutwa harudi nyumbani na nguvu ya kusuka fumbo. Na fumbo la aina yake linadai nguvu, kwa sababu mwandishi lazima ajue mwisho kabla ya mwanzo. Kila chumba, kila ufunguo, kila neno la mtumishi lazima liwekwe mahali pake ili Bwana Msa aje aliokote ukurasa wa mia na kitu. Ni kama kusuka kikapu kuanzia kitako: ukikosea mizunguko ya kwanza, mdomo haufungi.

Georges Simenon alikwenda njia nyingine kabisa.

Alizaliwa Liège, Ubelgiji, Februari 1903, mtoto wa karani wa bima. Baba alipougua moyo, kijana aliacha shule, na Januari 1919, hata miaka kumi na sita hajatimiza, akaajiriwa na gazeti la Gazette de Liège. Alipewa habari za polisi na mahakama: nani kaiba, nani kapigwa kisu, nani kajitupa mtoni. Mnaona kazi ya kwanza tena. Mmoja alibisha hodi kwa jina la afya, mwingine kwa jina la gazeti.

Alipohamia Paris aliandika riwaya za bei rahisi karibu mia mbili kwa majina ya bandia. Mwandishi Colette, aliyekuwa akichagua hadithi za gazeti la Le Matin, alimrudishia kazi zake akimwambia apunguze ufasihi. Simenon alitii ushauri huo maisha yake yote: akisahihisha, alifuta kila neno lililowekwa kwa ajili ya kupendeza. Alipenda mashua pia. Mwaka 1928 alizunguka mito na mifereji ya Ufaransa kwa mashua ndogo iliyoitwa Ginette, kisha akanunua kubwa zaidi, Ostrogoth, akaenda nayo mpaka Uholanzi, mashine ya chapa ikiwa ndani. Yeye alidai kuwa mpelelezi wake, Inspekta Maigret, alizaliwa huko, katika bandari ya Delfzijl mwaka 1929. Watafiti wamembishia tarehe, nami siwalaumu, maana mtunga hadithi akisimulia maisha yake mwenyewe hawezi kujizuia.

Mwaka 1931 Maigret alizinduliwa Paris kwa tafrija ambayo wageni walichukuliwa alama za vidole mlangoni kama wahalifu. Mwaka uliofuata, Simenon na mkewe wakaja Afrika. Waliingia Kongo kutoka upande wa Sudan, wakapita kaskazini mashariki, wakashuka na mto mpaka Matadi, ambako mdogo wake Christian alikuwa mtumishi wa ukoloni. (Huyo Christian baadaye aliingia katika mambo ya damu, upande wa Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kaka mtu angeweza kumwandikia riwaya nzima.) Makala alizotoa baadaye katika jarida la Voilà ziliwaudhi wakubwa, kwa sababu hazikuwa na simba wala ushujaa. Alieleza makarani weupe waliochoka, pombe, uonevu, na uongo wa maneno makubwa yaliyokuwa yakisemwa Brussels na Paris. Tusimfanye malaika. Mwafrika katika maandishi yake mara nyingi ni mtu wa pembeni, anapita na trei au analala barazani, na jina hana. Mbelgiji huyu alitazama vizuri sana, ila aliwatazama Wazungu wenzake.

Safari ile ilizaa riwaya. Le Coup de lune, ya mwaka 1933, ni habari za Libreville, na mwenye hoteli mmoja wa huko alimpeleka mahakamani akisema ametukanwa kitabuni. Le Blanc à lunettes, ya 1937, ni habari za Mzungu mwenye shamba la kahawa hapa Kongo. Wazee wetu waliochuma kahawa katika mashamba ya aina hiyo wanamjua mtu huyo bila kumsoma.

Namna yake ya kuandika ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo, kwa kuwa alisimulia mwenyewe mara nyingi, na waliokaa naye waliiona. Kwanza alitembea. Siku kadhaa alizunguka peke yake mpaka harufu au hali ya hewa fulani imrudishie mahali alipowahi kuishi. Kisha alifungua vitabu vya namba za simu na kutafuta majina, akiyasoma kwa sauti mpaka moja limkae. Halafu akachukua bahasha ya njano. Juu yake aliandika majina ya watu wake, umri, anwani, baba yake nani, aliugua nini utotoni, mara nyingine hata mchoro wa nyumba. Hakuandika lolote kuhusu matukio. Alijua watu, hakujua watafanya nini. Alijiuliza tu: mtu huyu, jambo gani likimpata litamsukuma mpaka mwisho wake?

Baada ya hapo alimwita daktari ampime shinikizo la damu. Alikataa miadi yote. Akajaza viko vyake mapema, akavipanga mezani, asije akasimama katikati ya sentensi kutafuta tumbaku. Mlangoni akatundika kibao cha kukataza watu. Alfajiri akaanza: sura moja kwa siku, bila kuruka siku, mpaka riwaya iishe, kwa kawaida kati ya siku saba na kumi na moja. Akiugua, kazi ikakatika zaidi ya siku mbili, aliitupa yote asiirudie. Kwa mwendo huo zikapatikana riwaya 75 za Maigret peke yake, na nyingine zaidi ya mia moja zisizo na Maigret.

Hapo ndipo penye tofauti yao. Abdulla anajua muuaji na anatuficha, hivyo raha yetu ni raha ya kitendawili. Simenon naye yuko gizani pamoja na sisi, kila asubuhi anafungua mlango hajui nani yuko nyuma yake. Ndiyo maana kwake nani kaua si neno kubwa, na Maigret akimkamata mtu mara nyingi anaonekana kama amemwonea huruma. Kijana wangu wa barabarani aliuliza wanalala namna gani. Kwa Simenon jibu ni kwamba hakulala vizuri: alisema kuwa siku ya tano au ya sita ya riwaya mwili huwa haubebeki tena, na ndiyo sababu vitabu vyake ni vifupi.

Mazoea hayo yana bei yake. Mzanzibari alistaafu ofisini ndipo akaandika zaidi. Mbelgiji alijistaafisha mwenyewe. Septemba 1972, katika jumba lake kubwa la Epalinges, juu ya Lausanne, Uswisi, alikaa mezani kama alivyofanya kwa miaka arobaini. Akachukua bahasha ya njano, akaandika juu yake majina ya watu wa riwaya mpya. Hakuna kilichokuja. Aliiacha, na hakuandika riwaya tena. Jumba akalihama, na mengi ya maneno yake yaliyofuata aliyatia katika kinasa sauti. Alifariki mwaka 1989. Katika pasipoti yake, mahali palipoandikwa kazi yake ni mwandishi, aliomba wabadilishe waandike: hana kazi.

(Wiki ijayo: Elvis Musiba, na namna alivyompeleka Willy Gamba Kinshasa.)