Ini Halipumzishwi kwa Kuacha ARV

“Docta, nisimamishe ARV mwezi mmoja, ninywe dawa ya kusafisha ini, kisha nirudie?” Hapa Kolwezi nimelijibu swali hili hadi nimechoka, na mara nyingi anayeuliza ana VVU na hepatitisi C pamoja, na amekwisha kuacha vidonge.

Ini lenye hepatitisi C halina uchafu wa kuoshwa. Lina virusi, na virusi hivyo vinalijaza makovu kimyakimya. Mwenye VVU na hepatitisi C asiyetumia ARV, hatari yake ya kufikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu, ni zaidi ya mara mbili ya mwenye hepatitisi C peke yake. ARV zinapunguza hatari hiyo. Ukiziacha unayaharakisha makovu yaleyale unayoyaogopa.

Muuzaji wa chupa sokoni atakwambia sumu inatoka kwa sababu umeharisha kutwa. Kinachotoka ni maji na chumvi ya mwili wako! Kovu limo ndani ya nyama ya ini, halishuki chooni. Macho ya manjano nayo huweza kurudi meupe yenyewe, mizizi ya dawa ikasifiwa bure, na sirosisi ikaendelea miaka mingi huku macho yakiwa safi kabisa. Tena baadhi ya mizizi hiyo inaliumiza ini.

Hofu hii ina chanzo: nevirapine ya zamani iliwaumiza baadhi ya watu ini. Lakini kidonge kinachotumika zaidi leo kina tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na hizo mbili za kwanza zinazuia pia hepatitisi B. Kama unayo bila kujua, ukiacha ghafla inaweza kulipuka na kukuua.

Cha kufanya ni hiki. Kipimo cha kingamwili kikionyesha C, thibitisha kama virusi bado vipo; hata mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu inaweza, ikipata katriji yake. Pima B kabla ya tiba ya C. Vipimo vya damu vya AST na chembe sahani vinakadiria makovu. Dawa za C, sofosbuvir na daclatasvir, kwa wiki 12 huponya zaidi ya watu 90 katika 100. Ukitumia ARV ya efavirenz sema, kwani dozi ya daclatasvir hupandishwa. Pombe, hata lutuku, acha kabisa. Tumbo likijaa maji, ukitapika damu au akili ikivurugika, hospitali siku hiyohiyo. Mwenye sirosisi, hata akipona C, apigwe ekografia kila miezi 6, maana saratani ya ini bado inaweza kumpata.