Kuku wa Kuoka Bila Oveni

Wanachama wenzangu, wengi hudhani kuku wa kuoka ni wa hoteli kubwa za mjini, eti kwa sababu huku Eastlands nyumba nyingi hazina oveni. Si kweli! Jiko la makaa na sufuria nzito vinatosha.

Nunua kuku Soko la Burma, Barabara ya Jogoo. Broila huiva haraka. Kienyeji ni mtamu lakini mgumu, kwa hivyo mchemshe kwanza alainike. Mpake chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, umwache nusu saa.

Tia mafuta kidogo sufuriani, mlaze kuku, funika. Sasa palia: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Moto ukizidi chini, ataungua nje na kubaki mbichi ndani. Baada ya kama saa moja, mdunge kisu pajani. Ukiona damu, mrudishe motoni.

Kachumbari ni nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, dhania, pilipili na ndimu. Hapa ndipo penye hatari. Kachumbari haipikwi, kwa hivyo vijidudu vya kuku mbichi vikiingia humo, hakuna moto wa kuviua. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya.

Mwisho, jiko lisilale chumbani. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na huua watu usingizini.

Tahadhari kabla ya hatari. Karibuni mezani!