Chakula cha Kusini mwa Marekani (2): Meza ya Pamoja na Magari ya Kale

Wiki iliyopita tulieleza jinsi bamia na kunde zilivyovuka Atlantiki kutoka Afrika pamoja na watu waliouzwa utumwani, hadi zikawa chakula cha kila siku katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Leo tuingie mgahawani.

Migahawa ninayoizungumzia haina orodha ya vyakula vya kuchagua. Unakaribishwa kwenye meza kubwa, unakaa na watu usiowajua, kisha mabakuli yanaanza kuletwa. Mfano maarufu ni wa Mrs. Wilkes, mtaa wa West Jones, mjini Savannah, Georgia. Zamani ilikuwa nyumba ya kulaza na kulisha wapangaji, na Sema Wilkes aliishika mwaka 1943. Wapangaji hawapo tena lakini utaratibu wa meza yao umebaki: watu kumi kila meza, kuku wa kukaanga, kunde, bamia, viazi vitamu, mkate wa mahindi. Unayemtaka akupitishie bakuli ni jirani yako, hata kama jina lake hulijui. Ukimaliza, unabeba sahani yako mwenyewe hadi jikoni. Rais Obama alikula hapo mwaka 2010. Sisi wa sinia la pwani tunauelewa upesi ukarimu huu, ila wao kila mtu hupakua kwenye sahani yake.

Mboga yao ya majani ni ndugu wa karibu sana wa sukuma wiki. Huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na mchuzi unaobaki chunguni huchovywa kwa mkate wa mahindi. Msomaji asiyekula nguruwe aulize kabla ya kupakua, maana nyama hiyo hujificha hata ndani ya kunde.

Sasa magari. Migahawa kadhaa ya namna hii, hasa ya kando ya barabara, huweka ukumbini au uani magari ya kale na pampu za mafuta za zamani. Mgeni huweza kuyadhani mapambo, kumbe yanaeleza chakula hicho kilivyotoka majumbani kikafika barabarani. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na ikampa mkulima na mchuuzi uwezo wa kusafiri bila kungoja treni. Ukiikuta moja, chungulia miguuni pa dereva: kuna pedeli tatu, na hakuna hata moja ya mafuta. Ya kushoto ni ya gia, ya kati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki. Mafuta huongezwa kwa kijiti chini ya usukani. Tangi, katika nyingi ya gari hizo, liko chini ya kiti, na petroli hushuka kwenda kwenye injini kwa uzito wake bila pampu. Kwa hiyo mlima ukiwa mkali na tangi likikaribia kuisha, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume.

Msafiri wa gari kama hilo alihitaji mafuta na alihitaji kula. Mwaka 1930 Harland Sanders alishika kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky, akaanza kuwapikia wateja na kuwalisha kwenye meza yake mwenyewe. Biashara ilikua ikawa mgahawa na nyumba ya wageni. Barabara kuu mpya ilipopangwa kupita mbali na mlango wake, aliuza mgahawa mwaka 1956, akazunguka kwa gari akiwauzia wenye migahawa haki ya kupika kuku wake. Ndiyo asili ya KFC ya leo, na jengo la Corbin limehifadhiwa.

Lakini barabara hiyo haikuwa ya wote. Msafiri mweusi aliweza kumiliki gari zuri na bado akakataliwa meza ya chakula kilichopikwa na watu weusi wenzake. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mtumishi wa posta kutoka Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi mahali pa kula na kulala kwa usalama. Huko Birmingham, Alabama, mgahawa wa Ollie's Barbecue uliajiri weusi wengi lakini mteja mweusi hakuruhusiwa kukaa ndani. Alinunua na kuondoka. Desemba 1964 Mahakama ya Juu iliamua, bila jaji kupinga, kwamba sheria ya haki za kiraia ya mwaka ule inauhusu mgahawa huo. Hoja ilisimama juu ya nyama: sehemu kubwa ilitoka nje ya jimbo, hivyo Bunge la taifa lilikuwa na mamlaka juu ya biashara hiyo.

Kwa maoni yangu, mgahawa unaoonyesha Model T bila kuonyesha kitabu cha Green umesimulia nusu ya safari. Wenye migahawa hiyo wakiweke kando ya magari yao, na wawataje wapishi.

Wiki ijayo tutamwangalia mpishi mmoja wao, Edna Lewis, aliyezaliwa 1916 huko Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwa miongoni mwao.