Kukariri Si Kuona

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya upili. Nilipomaliza, kijana aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hizi matriki tunazofundishwa zitatusaidia nini maishani?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali hilo niliwahi kuliuliza nikiwa na umri wake, na jibu nililopewa lilikuwa fupi: "Zitakuja kwenye mtihani."

Jibu kamili nililipata miaka mingi baadaye, nikisomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu namna ya kuifunza kompyuta kutambua kifua kikuu katika picha za eksirei. Kompyuta haina macho. Kwake, picha ya mapafu ni matriki tu: safu kwa safu za tarakimu, kila tarakimu ikieleza weusi au weupe wa nukta moja. Programu huonyeshwa maelfu ya picha ambazo madaktari wamekwisha kuzisoma. Kila inapokosea, hesabu zake za ndani hurekebishwa kidogo, hadi makosa yapungue. Kisha hupewa picha ambazo haijapata kuziona, ikasahihishwa kama mtahiniwa yeyote.

Programu yangu ilifaulu mno. Ilipata zaidi ya alama tisini kwa mia. Msimamizi wangu alifurahi, nami nikaanza kuandika tasnifu nikijiona nimekwisha kufika.

Kabla ya kuiwasilisha, nilimwonyesha kazi ile mzee mmoja aliyepiga picha za eksirei kwa miaka mingi. Alizitazama kimya, kisha akauliza zimetoka wapi. Nikamweleza kwamba za wagonjwa zilitoka hospitali moja, na za wasio wagonjwa zilitoka nyingine. Akaweka kidole pembeni mwa picha, palipo na ile herufi inayoonyesha upande wa kulia au wa kushoto wa mwili. "Mwanangu," akasema, "kila hospitali ina herufi zake. Hebu zifunike, kisha uiulize tena mashine yako."

Nilizifunika. Alama zikaporomoka hadi nusu kwa nusu, sawa na za mtu anayerusha sarafu. Naam, programu yangu haikuwa imejifunza lolote kuhusu mapafu. Ilikuwa imegundua njia ya mkato: herufi ya umbo hili, mgonjwa, ya umbo lile, mzima. Nao mtihani wangu haukuweza kuiumbua, kwa kuwa picha zake zilitoka katika hospitali zizo hizo mbili.

Nilirudi nyuma mwaka mzima. Baadaye nikasoma kwamba hayakunifika peke yangu. Mwaka wa 2018, watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba programu za kutambua nimonia aghalabu zilidhoofika zilipopewa picha za hospitali ngeni, na kwamba ziliweza kubaini picha imepigwa katika hospitali ipi. Lau yangu ingetumiwa vile ilivyokuwa, kuna mgonjwa ambaye angeambiwa ni mzima, akarudi nyumbani kuwakoholea wanawe.

Je, programu ile haifanani na wengi wa wanafunzi wetu? Kijana hukariri majibu ya mitihani iliyopita, akapata alama nzuri, tukamshangilia. Swali likigeuzwa kidogo, hupigwa na bumbuazi. Tunamlaumu yeye, ilhali amejifunza kile tulichomtuza. Mashine yangu nayo haikuwa na hila; ilitimiza nililoitaka, yaani alama.

Nitaambiwa kwamba mwalimu ana darasa lililofurika na silabasi ya kumaliza. Ni kweli, wala simbezi. Lakini kueleza somo linakoelekea hakuhitaji kipindi kizima. Tena mfano tunao barani mwetu. Mwaka wa 1956, Allan Cormack, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Huko hospitalini ndiko alikoliona tatizo: picha za kawaida hazikueleza jinsi miale inavyofifia sehemu mbalimbali ndani ya mwili. Akatafuta hesabu ya kulitatua, akaichapisha mwaka wa 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeijali. Mwaka wa 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Cormack hakuwahi kupata shahada ya uzamifu.

Yule kijana nilimjibu kwa chaki. Nilipanga sifuri na moja ubaoni, safu kumi kwa kumi, nikawaomba waseme wanaona nini. Kwa muda walinyamaza. Kisha binti mmoja akasema, "Ni pafu." Halafu akaongeza, "Lakini hapa kuna doa." Sikuwa nimewaambia kwamba kuna doa. Huyo alikuwa ameona.